Twende Dar Kutazama Mpira, na Dar Yenyewe

    

Leo ni Alhamisi, na Alhamisi ndiyo siku watu wanapoanza kuulizana, kwa ujumbe wa simu na kwenye vijiwe vya kahawa: "Mechi ya Jumamosi tunaitazamia wapi?" Kisha anatokea mmoja, maana kila kijiwe kina mtu wa aina hiyo, anasema: "Kwani tukienda kuitazama kulekule?" Basi, safari imeshazaliwa. Hakuna kikao, hakuna michango ya miezi. Jumamosi asubuhi mtu yuko Dar es Salaam.

Safari ya namna hiyo ndiyo mada yetu leo. Lakini kwanza nikuulize, wewe unayenisikiliza hapa Morogoro. Mara ya mwisho ulikwenda Dar, ulifuata nini? Wengi najua majibu yao. Rufaa ya mgonjwa Muhimbili. Msiba wa shemeji Mbagala. Mzigo wa duka Kariakoo. Kumpeleka kijana chuo, na godoro lake juu ya basi. Kesi. Harusi. Hizo zote ni safari za haki kabisa. Sasa nikuulize la pili: umewahi kwenda Dar kuitazama tu?

Naona kimya.

Na sikulaumu. Mtu mzima akisema nyumbani "nakwenda Dar kutembea," ataulizwa mara moja: kutembea kwa nani? Kutembea kwetu ni kumtembelea mtu. Kwenda kuangalia majengo na bahari, ukalala, ukarudi, hilo linaonekana ni jambo la watalii wenye kamera shingoni. Lakini mtu huyohuyo akisema "nakwenda kwenye mechi," nani atamuuliza zaidi? Labda ataambiwa tu asipoteze simu.

Ndiyo maana nasema mpira umetupa kisingizio kizuri. Tatizo ni kwamba tukishakipata hatukitumii. Tunafika mchana, tunakimbilia uwanjani, tunapiga kelele, tunatoka tumekauka makoo, tunalala popote, tunarudi. Jiji lote tumeliona kupitia dirisha la daladala. Nasema hivi, na nitalirudia: nenda kwa sababu ya mpira, lakini usiende kwa ajili ya mpira peke yake.

Tuanze na usafiri, kwa sababu hapo ndipo mambo yamebadilika. Mnaikumbuka safari ya basi ya siku ya mechi? Chalinze mnasimama, mnakula, mnangojana. Mlandizi foleni. Kibaha foleni. Mbezi hapo ndiyo usiseme. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inatutoa hapa hadi Dar chini ya saa mbili, na inakushusha katikati ya jiji, kwenye ile stesheni iliyojengwa kwa umbo la jiwe la tanzanite. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilipangwa shilingi 13,000. Kwa treni hii mtu anaweza kuamua Alhamisi na kusafiri Jumamosi alfajiri.

Ila sikiliza vizuri. Wakati wa mechi kubwa si wewe peke yako uliyeamua Alhamisi. Kwa hiyo tiketi ya kwanza kuishika ni ya kurudi. Narudia: ya kurudi. Kwenda utakwenda tu, hata kwa basi. Lakini Jumapili jioni, wakati kila mtu anataka kuwahi kazini Jumatatu, ndipo utakapojua thamani ya kiti. Kitambulisho chako usikiache nyumbani. Na uwanjani siku hizi tiketi inakaa kwenye kadi ya N-Card, ileile unayoitumia kwenye pantoni la Kigamboni. Ukiwa nayo tayari, nunua na uweke tiketi kabla hujaondoka hapa. Usiende kuitafuta getini saa tisa, jua kali na watu wanasukumana.

Na kulala? Usijidanganye kwamba utarudi usiku uleule. Mechi ikianza saa kumi na moja jioni, mpaka uwanja umwage watu na wewe upate bajaji, usiku umeingia. Mechi nyingine zinaanza usiku kabisa. Kwa hiyo panga kulala. Gesti Kariakoo na Ilala zipo za kila mfuko. Kama unalala kwa ndugu, mpigie leo, Alhamisi hii. Shangazi hapigiwi simu saa tano usiku na mtu aliyevaa jezi. Na usiende mikono mitupu. Sisi ni watu wa Morogoro. Mkungu wa ndizi na machungwa ya Matombo vinafungua milango mingi ya Dar.

Tumefika mjini. Ni saa nne asubuhi, mpira ni jioni. Unafanya nini na saa zote hizo? Wenzangu wengi watakwambia nenda moja kwa moja ukakae karibu na uwanja. Mimi nakwambia tembea. Toka stesheni, shika Barabara ya Sokoine, bahari iwe kulia kwako. Hatua chache tu utakuta jengo la zamani la mawe ya matumbawe, lenye kuta nene na mlango wa kuchonga. Hilo ndilo Boma la Kale, la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, aliyetaka kuufanya mji huu kuwa makao yake mapya. Na unajua liko kona ya barabara gani? Barabara ya Morogoro. Barabara yenye jina la mji wetu inaanzia pale, karibu na maji ya bandari. Mtu wa Morogoro ambaye hajawahi kusimama kwenye kona ile na kugeuka kuitazama barabara yetu inavyopanda kuelekea bara, kuna kitu bado anadaiwa.

Endelea mbele. Utalipita kanisa la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, kisha Azania Front la Walutheri, na paa zake nyekundu. Yote mawili yalijengwa enzi za Wajerumani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20. Utafika Feri, kwenye soko la samaki. Pua itakujulisha kabla ya macho. Pale mnada unaendeshwa kwa kasi ya ajabu, na ukisimama njiani mwa mtu aliyebeba ndoo ya vibua utasukumwa bila kuombwa radhi. Wako watu wa kukaangia palepale. Kula. Halafu panda pantoni uvuke kwenda Kigamboni na urudi. Najua daraja lipo tangu 2016, lakini daraja halikuonyeshi jiji. Ukiwa katikati ya maji, juu ya pantoni, ukaitazama Dar kutoka baharini, na meli za mizigo zinaingia mlango ule mwembamba wa bandari, utaelewa kwa nini Sultani aliupenda mji huu. Uvukaji wenyewe ni wa dakika chache, na nauli yake haizidi bei ya soda.

Kutoka Feri, Makumbusho ya Taifa hayako mbali, mtaa wa Shaaban Robert. Hapo usipite haraka. Hapo ndipo kwenye habari za fuvu la Zinjanthropus, alilolikuta Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959; umri wake ni karibu miaka milioni moja na robo tatu. Yapo magari waliyotumia viongozi wetu. Ipo kumbukumbu ya waliokufa kwenye mlipuko wa ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998. Bustani ya mimea iko jirani, na tausi wanatembea humo kama wenye nyumba. Watoto watawapenda tausi kuliko fuvu, na sioni ubaya.

Sasa nataka tukae kidogo na jambo moja, maana ndilo linalounganisha matembezi yetu na mpira. Ukitembea hadi Mtaa wa Samora utaikuta Sanamu ya Askari, imesimama pale tangu 1927, bunduki yenye singe imeelekezwa bandarini. Inawakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi hao walibeba mizigo ya majeshi kwa miguu, na vita vile vilipita hapa kwetu: Waingereza na Makaburu wa Jenerali Smuts waliuchukua mji wa Morogoro Agosti 1916. Na kambi ya wapagazi kule Dar ilikuwa wapi? Palepale panapoitwa leo Kariakoo.

Basi ndani ya mitaa hiyo, miaka chini ya ishirini baada ya vita, ndimo zilimozaliwa timu mbili zinazotutoa nyumbani kila msimu. Yanga mwaka 1935. Simba mwaka 1936, ingawa jina la Simba lilikuja 1971. Kabla ya hapo wazee wetu walikuwa wakiiita Sunderland. Nenda Kariakoo mchana wa siku ya mechi ukayaone haya kwa miguu yako. Jengo la Simba liko Mtaa wa Msimbazi. Jengo la Yanga liko Jangwani, kona ya Mtaa wa Twiga. Kutoka moja hadi jingine ni mwendo wa miguu wa dakika chache, hata kwa mtu mwenye goti bovu. Ugomvi wote huu, nchi nzima imegawanyika, mpaka Bukoba na Songea watu hawasalimiani Jumatatu, na kumbe ni majirani wa mtaa.

Hilo huwezi kulipata kwenye televisheni. Kwenye televisheni timu zinatoka chumbani, zinapiga mpira, zinarudi chumbani. Kariakoo unaona zilipotoka. Unaona wazee wamekaa kibarazani, kahawa mkononi, mmoja kavaa njano na kijani, mwingine kavaa nyekundu, wanabishana juu ya magoli ambayo wajukuu wao hawakuyaona. Mzee wa Simba atakutajia 1977, sita kwa bila, na Kibadeni mabao matatu. Mzee wa Yanga atajibu na 1968, tano kwa bila. Kijana atadakia Novemba 2023, tano kwa moja. Mwingine atamrudisha Mei 2012, tano kwa bila upande wa pili. Kaa, agiza kahawa na kashata, sikiliza. Ukiulizwa wewe ni wa timu gani na hutaki makuu, sema wewe ni wa Morogoro, na uwakumbushe kwamba mwaka 1975 ubingwa wa Bara ulichukuliwa na Mseto ya kwetu. Wazee watanyamaza kidogo, kisha watacheka.

Ukiwa palepale tazama na jengo la soko kuu, kazi ya Beda Amuli, msanifu wetu mzalendo, miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021 na likatengenezwa upya. Simama chini ya yale mapaa ya zege yaliyofunguka kuelekea juu. Wengi wetu tumenunua nyanya na mbegu chini yake bila hata siku moja kuinua shingo.

Tuko pamoja? Haya, twende uwanjani.

Uwanja wa Benjamin Mkapa ulifunguliwa 2007 na unachukua watu elfu sitini. Wenyewe wanasema "Kwa Mkapa," au "Lupaso," kijiji alikozaliwa mzee Mkapa. Fika mapema. Nikisema mapema namaanisha saa tatu kabla. Msongamano wa getini si mchezo, hasa ukiwa na mtoto. Na kabla hujaingia, geuka uutazame Uwanja wa Uhuru, ule mkongwe ulio jirani. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, bendera ya Waingereza iliteremshwa hapo na ya Tanganyika ikapanda. Watu wanaupita wakikimbilia viti vya mzunguko, hawageuzi hata shingo.

Ndani sina la kukufundisha. Matarumbeta, vuvuzela, karanga, maji ya mifuko, mtu nyuma yako anayemjua kila kocha duniani kuliko kocha mwenyewe. Tambo za kabla ya mchezo ndizo tamu, kusema kweli, kwa sababu wakati huo bado kila mtu ni mshindi. Ushauri wangu mmoja: kama ni mara yako ya kwanza, au unakwenda na watoto, usianze na mechi ya watani. Anza na mechi ya kawaida ya ligi, au mechi ya kimataifa. Simba au Yanga ikicheza na Waarabu wa Afrika Kaskazini, uwanja mzima unaweza kuwa upande mmoja, au karibu mzima, maana wapo watani wanaovaa jezi ya mgeni. Haya nayo yana utamu wake.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nichague mada hii. Msikilizaji, mechi inaweza isichezwe.

Mnaikumbuka mechi ya Simba na Yanga ya Mei 8, 2021? Watu wametoka mikoani, wamefika, wameingia uwanjani. Muda wa mchezo ukasogezwa kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku. Yanga wakaja kwa muda wa zamani, wakaukataa ule mpya, wakaondoka. Mechi ikaahirishwa. Ikachezwa Julai. Mnakumbuka Machi 8, 2025? Usiku wa kuamkia mechi, Simba wakasema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani, hawachezi. Siku yenyewe ya mchezo, Bodi ya Ligi ikaahirisha. Mechi ikachezwa Juni 25, Yanga wakashinda mbili bila. Na mwezi Mei mwaka huohuo, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane ya Morocco, watu wameshajipanga Kwa Mkapa, CAF ikaukataa uwanja kwa hali ya nyasi zake baada ya mvua. Fainali ikavuka maji hadi Amaan, Zanzibar. Waliokuwa na nauli ya boti wakavuka. Wengine wakabaki bandarini wanaitazama boti inaondoka.

Fikiria mtu aliyetoka Mwanza au Mbeya, siku nzima ndani ya basi, kwa ajili ya dakika tisini, na dakika tisini zenyewe hazipo. Nani anamrudishia? Hata tiketi ikiheshimiwa mechi ikipangwa tena, basi halirudi nyuma. Mimi naona wenye mpira wetu wanalichukulia jambo hili kirahisi mno. Wanadhani mashabiki wote wanakaa Temeke, watarudi tu siku nyingine kwa miguu. Nchi hii ni kubwa. Uamuzi unaotolewa mchana wa mechi unamkuta mtu ameshalipa gesti.

Lakini mpaka watakapojirekebisha, wewe jilinde. Na kinga ni ileile niliyokwisha kuitaja: nenda kwa sababu ya mpira, usiende kwa ajili ya mpira peke yake. Mtu aliyevuka pantoni asubuhi, akala samaki Feri, akaingia makumbusho, akapiga soga na wazee wa Jangwani, huyo mechi ikiahirishwa atakasirika, atatukana kimoyomoyo, lakini hatasema safari yake imepotea. Na tiketi zikiisha vilevile. Tafuta kibanda umiza pale Kariakoo au Temeke, lipa kiingilio chako, kaa kwenye benchi bega kwa bega na watu usiowajua. Kelele za uwanjani utazisikia mara mbili: kwenye televisheni, na kwenye mtaa.

Jumapili ni fupi. Nenda Coco Beach ukale mihogo ya kukaanga, ya chumvi na pilipili, hata kama shangazi amepika chai nzito. Shangazi mwambie ulikuwa kanisani. Mwenye watoto apite Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, akawaonyeshe nyumba za asili za makabila yetu, zimejengwa kwa ukubwa wake halisi. Waluguru wenzangu mtaitafuta yenu, na mkiipata mtabishana kama imejengwa sawasawa. Kisha stesheni, mapema.

Treni ya kurudi ni kipindi kingine kabisa. Behewa moja, nyekundu na njano zimechanganyika, na hakuna pa kushukia mpaka Pugu. Kama umefungwa, vaa shati la kawaida juu ya jezi na ujifanye umelala. Hawatakuamini, lakini watakuacha mpaka Ruvu.

Kabla sijaondoka, kuna dada ametuma ujumbe hapa, fundi mitambo amenisogezea. Anauliza: "Mimi ni Yanga damu, mume wangu hapendi mpira kabisa. Nimwache nyumbani?" Dada yangu, usimwache. Mchukue. Asubuhi mtembee wote Feri na makumbusho. Saa nane wewe shika njia ya Kwa Mkapa, yeye mwache Kariakoo atafute vipuri vya pikipiki yake. Hatamaliza mpaka usiku. Mkutane kwa chakula. Ila pesa ya vipuri mpe kwa kiasi, na tiketi zote mbili za treni zikae kwenye pochi yako.